Cherehani Sita za Siku Moja

Ndugu zangu, kabla sijaanza niseme wazi kwamba katika kisa hiki mimi si msafi. Kuna watu wanaopenda kusimulia makosa ya wenzao kana kwamba siku ile wao walikuwa safarini. Mimi nilikuwepo, tena nilibeba kwa mikono yangu miwili.

Ninauza vifungo, zipu na nyuzi. Kibanda changu kinatazamana na chumba cha fundi cherehani ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye haliachii mpaka nguo yenyewe ichakae. Kila asubuhi nilikuwa nafungua kibanda huku nasikia cherehani zake mbili zikilia, moja akiendesha yeye, nyingine mdogo wake. Mumewe ni fundi rangi, mtu mcheshi, mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi. Akirudi kazini alikuwa anakaa kizingitini na kumtania mkewe, "Mama, nipime na mimi shati, mteja wa bure nimefika," na mkewe anamrushia futi. Hawakuwa matajiri, lakini nyumba ile ilikuwa na raha. Nisiwadanganye, niliwaonea wivu kidogo.

Basi siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaleta kazi: sare mia tatu, za buluu, ziwe tayari baada ya wiki sita, kabla shule hazijafunguliwa. Kitambaa anunue fundi, shule italipia sare zitakazokabidhiwa. Mama Pindo alifurahi hadi akapiga kigelegele. Kisha akaanza kupiga hesabu, na furaha ikapungua. Kitambaa kinataka mtaji. Tena kwa siku nyingi alikuwa akiitamani mashine ya kuziba kingo za nguo, ile mafundi wanaiita overloki.

"Twende tukakope," mumewe akasema.

Wakaenda kwenye ofisi inayokopesha wenye biashara ndogo. Afisa mikopo, bwana mmoja nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, aliwaeleza bila kuwaficha. Mkopo unafuata ukubwa wa biashara. Jumatano angekuja mwenyewe kuona vifaa, na vifaa hivyo ndivyo vingekuwa dhamana. Kwa cherehani mbili, akakadiria, wangepata za kununulia kitambaa cha sare mia moja, basi.

Njiani kurudi, Fundi Rangi akashindwa kuvumilia.

"Mia moja? Ndiyo nini hiyo? Sikiliza, mke wangu. Mimi nikipaka ukuta wenye ufa, mpangaji haoni ufa, anaona rangi. Huyo bwana anakuja nusu saa tu. Tunaazima cherehani, anaona sita, anaandika sita, jioni tunarudisha kwa wenyewe. Hapo nani ameumia?"

"Na akijua?"

"Atajuaje? Kwani cherehani zinasema?"

Mama Pindo akaja kibandani kwangu kuniomba ushauri, na hapa ndipo ninapoona aibu. Ningemwambia, dada, achana na hayo. Badala yake nilicheka, nikasema, "Hata mimi ninayo moja stoo. Haina mkanda, lakini kwa macho inatosha." Ndivyo tulivyo, jamani. Mwenzako anakuuliza kama aruke mtaro, wewe unakimbilia kumshikia viatu.

Mafundi wawili wa kona walitoa zao, kila mmoja moja. Ya sita ilitoka kwa Shangazi.

Shangazi ni dada wa baba yake Fundi Rangi, mjane, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Cherehani yake nyeusi, ile ya kukanyaga kwa miguu, aliachiwa na marehemu mumewe. Kwa cherehani hiyo anatia viraka na kubana suruali za watu, na humo ndimo anamopata chakula chake na dawa zake za presha. Hakuwahi kumwazima mtu yeyote. Fundi Rangi alimwambia kwamba wanapokea mgeni wa kazi na wanataka chumba kionekane kimejaa.

"Mgeni wa siku moja?" Shangazi aliuliza.

"Siku moja tu, shangazi. Jioni unayo."

"Haya, baba. Ibebeni taratibu, mguu wa kushoto umelegea."

Mimi ndiye niliyeshika ule mguu wa kushoto.

Jumatano saa nne afisa akafika. Chumba kilikuwa kimejaa hata mtu anapita kwa ubavu. Mimi nilikaa kwenye cherehani yangu isiyo na mkanda, najifanya natunga uzi.

"Na wewe, dada, ni fundi wa hapa?" akaniuliza.

"Tangu zamani," nikajibu, nikajichoma sindano kidoleni.

Tulidhani atahesabu na kuondoka. Kumbe alitoa simu, akapiga picha cherehani moja moja, akainama kunakili namba iliyogongwa kwenye chuma cha kila moja. Kisha akamkabidhi Mama Pindo karatasi. "Hizi sita ndizo dhamana. Ukishindwa kurejesha, tunachukua hizihizi. Kuna yoyote ambayo si yako?"

Mama Pindo akamtazama mumewe. Mumewe akatazama ukuta.

"Zote zangu," Mama Pindo akasema, akatia sahihi.

Mtaniwia radhi, nasimama hapa kidogo. Wakati ule mlango ulikuwa bado wazi. Angesema tu, "Hizi nne nimeazima," angeona haya dakika tano, yakaisha. Nami nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, mdomo ninao, nikaufumba. Nikikumbuka hilo huwa napoteza hamu ya kula.

Mkopo ukatoka, mnono. Wakanunua overloki na kitambaa cha sare zote mia tatu, majora yakapangwa hadi karibu na dari. Jioni ile ile ya Jumatano cherehani za watu zilikuwa zimerudi kwao, kwa hiyo kazi ya cherehani sita ikabaki mikononi mwa wanawake wawili. Walishona mpaka migongo ikakataa kunyooka. Shule zilipofunguliwa walikuwa wamemaliza sare mia moja na ishirini. Mwalimu mkuu alizilipia hizo, akashukuru, na zilizobaki akampa fundi mwingine, kwa sababu watoto hawawezi kwenda shule uchi.

Lakini marejesho ya kila mwezi yalikuwa yamepimwa kwa biashara ya cherehani sita. Miezi mitatu ya kwanza walilipa kwa kujibana. Mwezi wa nne wakashindwa, na wa tano vilevile. Fundi Rangi aliacha kukaa kizingitini. Mama Pindo akiona namba ya ile ofisi anaigeuza simu kifudifudi mezani, halafu anaendelea kushona. Nilikuwa nampelekea uzi nakuta ameshona mikono ya shati kinyumenyume, yeye ambaye hakuwahi kukosea.

Mwishowe afisa akaja mwenyewe. "Dada, nimekuvumilia miezi miwili. Ijumaa saa nne nakuja na gari kuchukua zile cherehani."

Fundi Rangi akakimbilia kwa mafundi wa kona. Wakamcheka. "Zetu? Kwani sisi ndio tuliokopa?" Akaja kwangu, nikamwambia ufunguo wa stoo umepotea. Ulikuwa mfukoni mwangu. Basi Alhamisi mchana akaenda kwa Shangazi, akamwambia anataka kuipeleka cherehani yake ikatiwe mafuta na kukazwa ule mguu. Usiku ule aliilaza kazini kwake, mkewe asijue.

Ijumaa asubuhi Mama Pindo alitoka kupeleka nguo ya mteja. Aliporudi akaikuta ile cherehani nyeusi katikati ya chumba.

"Hii imefuata nini hapa?"

"Taratibu, mke wangu. Tukiwapa tatu na overloki watatulia. Shangazi nitamlipa kazi ikipatikana."

Hapohapo gari likapiga honi nje. Afisa akaingia na wapagazi wawili. Mimi nilisimama mlangoni, kiherehere changu hakikuniruhusu kubaki kibandani. Akafungua orodha yake, akaanza kuweka alama. Alipofika kwenye ile nyeusi akasema, "Na hii, bebeni."

"Subirini nitoe vitu vya ndani," Mama Pindo akasema kwa sauti ndogo.

Akavuta droo. Ndani kulikuwa na bobini tisa, vile vigurudumu vidogo vya uzi, zimepangwa safu, zote zimejazwa uzi wa buluu. Buluu ya zile sare.

"Nani amejaza hizi?"

Fundi Rangi aliinamisha kichwa. "Shangazi. Alisema ameyaona majora yaliyolala humu, ikishatengenezwa nikuletee wewe kwanza, ikusaidie kuyashona sare uwauzie wazazi. Yeye atasubiri."

Mama Pindo akakaa chini sakafuni na kulia. Alilia kwa sauti, kama msibani, mpaka wapagazi wakatoka nje wenyewe bila kuambiwa. Kisha akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akasimama mbele ya afisa.

"Hii si yangu. Wala zile tatu zilizobaki kwenye orodha hazikuwa zangu. Zangu ni hizi mbili tu, na overloki niliyonunua kwa pesa yenu."

"Uliniambia zote zako."

"Nilikudanganya."

"Unajua hili linaweza kufika polisi?"

"Najua. Lakini hii hamtaibeba."

Afisa akageuka, akaniona. "Na huyu? Si ndiye fundi wako wa tangu zamani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Nauza vifungo, bwana," nikasema. "Ile yangu haina hata mkanda."

Afisa akatoa kalamu moja, akairudisha mfukoni. "Mimi niliandika sita. Mkubwa wangu akatia sahihi kwa kuamini macho yangu. Sasa na mimi nitaitwa nijieleze." Kwa kweli, siku zote zile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemfikiria yule bwana. Tulimchukulia kama dirisha la kupokelea pesa.

Wakabeba zile mbili, overloki na majora yaliyobaki. Havikutosha kufuta deni. Baada ya kwenda na kurudi ofisini mara nyingi, polisi hawakuitwa, lakini Mama Pindo aliandika maelezo ya kukiri kosa, na deni lililobaki likapangwa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Mdogo wake akaenda kutafuta kazi kwingine. Chumba kikawa kitupu hata ukikohoa unajisikia mwenyewe.

Mchana wa Ijumaa ile ile tulimrudishia Shangazi cherehani yake, sisi watatu. Mama Pindo alipiga magoti, akamweleza yote bila kupunguza neno. Shangazi alisikiliza. Akafungua droo, akatazama bobini zake, akaifunga.

"Mngeniambia ni dhamana, ningekataa," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na mngeniambia mmezidiwa na kazi, ningekuja kukaa hapo na cherehani yangu, tukashona wote. Wiki zote zile nilikuwa nakaa hapa naweka viraka." Akamtazama mpwa wake. "Baba, si ungesema tu?"

Fundi Rangi alilia hapo, mtu mzima na madoa yake ya rangi.

"Nendeni," Shangazi akasema. "Leo sitaki kuwaona."

Mama Pindo aliajiriwa kwenye karakana ya mtu, akawa anashona nguo zisizo na jina lake. Mumewe alipokea kila kibarua, hata cha kukwangua kuta. Nusu mwaka ukapita bila Shangazi kuwasemesha. Halafu siku moja akaagiza suruali ipelekwe kwa Mama Pindo ikunjwe pindo, kazi ambayo angeifanya mwenyewe akiwa amefumba macho. Mama Pindo alipoipokea aliikumbatia kama mtoto.

Deni liliisha miezi minne kabla ya muda. Akanunua cherehani moja iliyotumika, akarudi kwenye chumba chake, kisha akapiga moyo konde akaenda ofisi ileile kuomba mkopo mdogo wa kitambaa. Nilidhani watamfukuza. Wakamwambia Jumanne atakuja mtu.

Asubuhi ya Jumanne nilivuka barabara. "Nikuletee hata majora mawili ya kupanga hapo ukutani?"

"Thubutu," akaniambia. Tukacheka mpaka machozi.

Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda mlangoni. "Mimi nimekuja na mikono mitupu," akasema, "na hiyo aiandike."

Aliyekuja ni bwana yuleyule wa kalamu mbili. Alisimama katikati ya chumba, akageuka kushoto na kulia.

"Ngapi?"

"Moja," Mama Pindo akasema. "Na kanyagio lake linakwama."

Akainama, akanakili namba, akaandika moja.

Funzo la kisa hiki

Ndugu zangu, kukopa si aibu. Biashara nyingi mnazozipita kila siku zilianza kwa pesa ya mtu mwingine. Lakini unapoomba mkopo, mwonyeshe mkopeshaji biashara uliyonayo kweli. Ukimwonyesha kubwa kuliko yako, atakupa mzigo wa ile kubwa, na utaubeba kwa mgongo wa ile ndogo. Soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Usiweke dhamana kitu cha mtu, hata awe shangazi yako, hata iwe kwa siku moja. Ukizidiwa, waambie wenzako mapema na umwambie mkopeshaji mapema, wakati bado mnaweza kupanga upya.

Na sisi majirani tuna letu. Mama Pindo alikuja kwangu kuuliza, na kwa kweli alikuwa anatafuta mtu wa kumkataza. Cherehani yangu niliinunulia mkanda mwaka jana. Mtu akija kuiazima siku hizi namwazima, ila namuuliza kwanza anataka kushona nini.