Simu Tatu za Bosi

Hakuna aliyemwamini mwenzake, na kazi ilikuwa leo.

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, mlango umekomewa kwa nondo. Watu watano, kiti kimoja. Aliyekikalia ni Kisiki, mkubwa wao, bastola mapajani.

"Rudia," alimwambia Fundi. "Taratibu. Breki ana kichwa kigumu."

"Kigumu, ndiyo. Lakini hakivuji," alijibu Breki, dereva. Alicheka peke yake.

Fundi ndiye aliyefunga mtambo wa simu za video katika ile kampuni ya dhahabu. Walipomfukuza, aliondoka na maneno yote ya siri kichwani. Akaeleza tena. Mlinzi wa stoo hafungui mpaka ampigie Bosi, mwenye kampuni, amwone sura, amtajie uzito wa mzigo. Simu ile inapita kwenye programu. Programu yenyewe haibebi sauti wala picha. Kazi yake ni ya mshenga tu. Inauliza namba ya Bosi iko wapi, inabisha hodi, ikiitikiwa inawaachia wenyewe waongee.

"Na mshenga nimeshamwambia Bosi kahama," Fundi alisema. "Sasa anakaa kwenye tableti ya Kasuku."

Kasuku akasafisha koo. "Fungua, kijana, nina ndege ya kuwahi."

Sauti ya Bosi tupu. Miwani na kofia pia vilikuwa kama vya Bosi. Picha ingechafuliwa kidogo, mlinzi adhani ni mtandao mbovu.

Wa tano alikuwa Dogo, mdogo wake Breki, tumbo moja. Yeye angeingia na sare ya wachukuzi, asimame na mlinzi hadi mlango ufunguke. Mama yao alijua wanakwenda kuhamisha samani za watu. "Mnaondoka wawili," aliwaambia, "mrudi wawili."

"Uzito atausikia nani?" Breki aliuliza.

"Mimi," alisema Kasuku. "Nina visikilizi."

"Peke yako?"

"Unanishuku, dereva?"

"Kazi iliyopita mzigo ulikonda njiani. Sijui uliugua nini."

Kisiki akaangalia ukuta.

Jana Breki alikuwa amemvuta Fundi pembeni, akamvulia saa yake ya mkononi, na Fundi akaiweka namba ya Bosi kwenye simu ya Breki pia. "Utasikia kila neno," Fundi aliapa. "Wala haitatoa mlio. Usimwambie mtu."

Saa tano na nusu. Wakatoka. Fundi akabaki, eti kuusimamia mtambo.

Saa sita na dakika kumi. Gari nyuma ya jengo. Breki kwenye usukani, Kisiki kando yake, Kasuku nyuma amekaa mbele ya shuka jeupe, lionekane kama ukuta wa ofisi. Dogo yuko ndani.

Tableti ikaita.

Koti la Kisiki likaita.

Mfuko wa Breki ukaita.

"Na wewe?" Kisiki alinong'ona.

"Na wewe, mkubwa!"

"Zimeni, wajinga nyie!" Kasuku alifoka. "Nishindwe hata kupokea kwa kelele zenu?"

Breki akaichomoa simu aizime. Mkono ulilowa jasho. Kidole kikateleza, kikatua kwenye kijani.

Simu nyingine zikanyamaza papo hapo. Ndipo akaelewa. Mshenga hana habari za kusikiliza pembeni. Anabisha hodi kila mlango aliotajiwa, na wa kwanza kuitika ndiye Bosi.

Mlinzi alikuwa amejaa kwenye skrini, amekodoa macho. Breki akafungua mdomo. Nyuma ya bega la mlinzi, Dogo akachungulia.

"Kaka?"

Mlinzi akamgeukia Dogo. Akairudia skrini. Paji lile lile, pengo la meno lile lile. King'ora kikalia.

"Ondoa gari," alisema Kisiki.

"Mdogo wangu yumo ndani."

Mtutu ukamgusa shingoni, baridi. "Ondoa."

Akaondoa. Simu ilikuwa bado inawaka mapajani mwake. Ndani yake Dogo amelala kifudifudi, goti la mtu mgongoni, anaita, "Kaka, usiondoke. Kaka!"

Gerejini hapakuwa na mtu.

Dhahabu hawakupata hata chembe. Fundi alipata saa ya Breki na pete ya Kisiki. Dogo alipata miaka kumi na minne, na hakumtaja mtu. Mama alikuwa na watoto wawili. Siku hizi akiulizwa anasema anaye mmoja, yule aliye gerezani.