Soda Nyeusi ya Anko Lyle

Kila Jumamosi asubuhi Greta Halvorsen aliwafungulia kuku, akaokota mayai, kisha akamwekea baba yake kahawa mezani. Mama yake alikuwa muuguzi na mwisho wa wiki alikuwa kazini. Jumamosi hiyo ya Oktoba, hata hivyo, baba yake, Dwight, aliamka kabla ya kuku wenyewe, akawa anapiga mluzi jikoni. Ilikuwa siku ya safari, na mwaka huo Greta naye angekwenda.

Kila mwaka, majani yakishakuwa mekundu, Dwight na rafiki zake wawili wa tangu shuleni, Curt na Lyle, walizunguka vijiji vya magharibi mwa Wisconsin kutembelea viwanda vidogo vya bia, vile ambavyo mtu hupika bia yake ghalani na kuiuza papo hapo. Zamani walivuta njiti kumpata dereva. Aliyepata njiti fupi hakunywa siku nzima, na shingoni alivalishwa chuchu ya plastiki, ile wanayopewa watoto wachanga wanyamaze. Siku hizi njiti hazikuvutwa tena. Chuchu ilikuwa ya Lyle.

Lyle alikuwa ameacha pombe. Mwaka uliotangulia aliliingiza gari mtaroni akiwa amelewa, na binti yake, Annika, alikuwa kiti cha nyuma. Mtoto alivunjika mkono. Mahakama ikaamuru gari la Lyle lifungwe kifaa cha kupima pumzi. Kabla ya kuwasha injini lazima apulize kwenye bomba, na kifaa kikigundua pombe, taa nyekundu inawaka, gari linagoma, na habari zinafika kwa afisa wa mahakama. Hakimu hakumficha kitu. Lyle akimaliza majira ya baridi bila taa nyekundu hata moja, Annika ataruhusiwa kulala kwake tena. Ikiwaka, asahau.

Mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye viwanda vya bia? Hakuwa na marafiki wengine, basi. Na hao aliokuwa nao walihitaji dereva.

"Puliza, mtoto, puliza!" Curt alipaza sauti walipoingia garini. "Ukipuliza vizuri tutakununulia maziwa!"

Lyle alipuliza. Taa ya kijani ikawaka.

"Anko Lyle, umeshajikojolea au bado?" Greta aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

Dwight alicheka mpaka akakohoa, akageuka kumtazama binti yake. Greta alikuwa na miaka kumi na mitatu, na baba yake hakuwa mtu wa kumtazama ovyo. Akimchekesha, alimtazama. Kwa hiyo njia nzima Greta alitafuta maneno mengine. Lyle alitabasamu tu, akaendesha, akapiga chafya. Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi, na vumbi la mashambani lilikuwa limemziba pua tangu asubuhi.

Kituo cha pili kilikuwa kwa Bi Rademacher, mama mnene asiyependa kelele, aliyepika bia kwenye ghala la ng'ombe la marehemu babu yake. Dwight na Curt waliletewa bia za kuonja, kisha wakaagiza bia nyeusi glasi kubwa kubwa. Lyle aliletewa soda ya mizizi. Viwanda vingi vya huko hutengeneza soda hiyo kwa ajili ya watoto na madereva. Ni nyeusi, tamu, na ina povu juu. Ukiiweka kando ya bia nyeusi huwezi kuzitofautisha kwa macho.

"Mtazameni, ananyonya," Curt alisema. "Lyle, nikupapase mgongo ucheue?"

"Kula jibini yako, Curt," Lyle alisema taratibu. Vipande vya jibini ya kukaanga vilikuwa vya moto na vyenye chumvi, na glasi yake ilikwisha upesi.

"Nikuongezee, Anko?" Greta aliuliza.

"Utakuwa umenisaidia, mwanangu."

Lyle alikwenda kunawa mikono. Curt na Dwight walikuwa wameinuka kutazama mapipa. Greta alileta soda nusu glasi, akatazama huku na huku, akaijaza kwa bia ya baba yake. Tayari alikuwa ameiona picha nzima kichwani: Lyle anapiga funda moja, anatema, anaruka kama aliyeng'atwa na siafu, na baba anacheka machozi yakimtoka.

Lyle alirudi, akainua glasi, akainywa yote.

"Hii imezidi uchungu kidogo," alisema, akipangusa povu. "Lakini kwa pua hii, hata ungenipa maji ya vyombo nisingejua. Asante, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Greta alitaka kusema kitu, lakini watu wazima walikuwa wameshaanza kuvaa makoti.

Garini Lyle alipuliza bomba. Taa ikawaka nyekundu.

Aliitazama kama mtu asiyejua kusoma rangi. "Haiwezekani," alisema. "Sijanywa."

"Ala!" Curt alisema. "Kumbe ndiyo maana ulikawia chooni."

"Sijanywa, Curt. Haki ya Mungu."

"Wewe, acha kuigiza," Dwight alisema. "Sisi si tunakujua? Sema tu ulishikwa na kiu."

"Labda dawa ya mafua," Lyle alisema, na sauti ikaanza kumpotea. "Asubuhi nilimeza dawa ya mafua."

"Dawa ya mafua!" Curt alipiga paja. "Kamwambie hakimu. Kamwambie na Annika, uone kama atakuamini!"

Huo ulikuwa ukatili, na Curt aliufurahia. Greta alikaa kiti cha nyuma, mikono katikati ya magoti. Alimwogopa Lyle, akamwogopa na baba yake. Zaidi aliogopa kwamba akisema, hakuna atakayemcheka Lyle tena, watamtazama yeye.

Lyle aliweka kichwa kwenye usukani. Curt alimpiga begani kirafiki. "Imeshaharibika, kaka. Njoo ndani, unywe kama mwanamume."

Na Lyle akamfuata. Hilo ndilo Greta hakulitarajia kabisa. Alimwona akivuka ua, mabega yamelegea, akiingia mlangoni na kuketi. Greta alipofika ndani, glasi kubwa ya bia ilikuwa tayari mbele ya Lyle. Aliivua chuchu shingoni, akaiweka mezani, akaishika glasi kwa mikono miwili.

"Ni mimi!" Greta alipiga kelele. "Anko, usinywe! Nilikutilia bia ya Baba kwenye soda. Nilitaka wacheke."

 Curt akaangua kicheko, na Dwight naye akafuata.

"Huyu ndiye binti yangu!" Dwight alisema, akimtazama kwa fahari. Greta aligeuza uso.

Lyle aliisukuma glasi mbali. Hakupiga kelele. Bi Rademacher, aliyekuwa amesikia yote, alimletea maji, akamwambia asukutue kinywa na asubiri. Baada ya muda Lyle alikwenda garini, akapuliza tena. Kijani. Lakini ile nyekundu ilikuwa imeshakwenda kwa afisa.

"Jumatatu utakwenda kulisema hilo mahakamani," Lyle alimwambia Greta.

"Haendi popote," Dwight alisema, na kicheko kikamkauka. "Unataka waniulize mtoto alipata wapi bia?"

"Nitakwenda, Baba," Greta alisema.

Lyle aliokota chuchu, akaitumbukiza kwenye bia ya Dwight, akaondoka peke yake. Mama yake Greta ndiye aliyekuja kuwachukua, akiwa bado na sare ya kazi. Bi Rademacher alimweleza mambo yote mlangoni.

Jumatatu mama alimpeleka Greta mwenyewe. Afisa wa mahakama alikuwa mwanamke mwenye miwani na uso usiolainika.

"Watoto wanaokuja kujisingizia ili kuwaokoa watu wazima nimewazoea," alisema. "Rudia."

Greta alirudia. Akaambiwa arudie tena, mpaka akalia. Afisa alimpigia simu Bi Rademacher, akalinganisha na kipimo cha pili, hatimaye akamwambia Lyle kwamba ile nyekundu haitahesabiwa.

Nje ya ofisi Greta alisema, "Nisamehe, Anko."

"Sikiliza," Lyle alisema. "Ulisema ukweli, na umeniokoa. Lakini pale garini ulinyamaza, na kwa kunyamaza kwako mimi mwenyewe nilianza kujiona mwongo. Ungechelewa kidogo tu, ningekunywa, na ningempoteza mwanangu. Ukikosa, sema hapo hapo, hata kama wanaocheka ni baba yako na rafiki zake. Na usimfanyie mtu mzaha ambao yeye ndiye atakayeulipia." Alivaa kofia yake. "Siwezi kukuchukia, wewe ni mtoto. Kukuamini ni jambo jingine."

Mwezi Mei Annika alikuja kulala kwa baba yake. Mama yake Greta aliwaalika wote wawili kula nyama ya kuchoma uani. Dwight alijifungia gereji siku nzima. Greta alileta soda ya mizizi kwenye sinia, glasi mbili.

"Asante," Lyle alisema. Aliinua glasi yake, akainusa kwa muda mrefu. Kisha akachukua ya Annika kabla mtoto hajaigusa, akainusa nayo.

Greta alisimama na sinia lake, akasubiri mpaka alipomaliza.