Faili la Nane

Katika chumba cha mitambo cha hospitali, asubuhi hiyo, mlikuwa na mafaili manane badala ya saba, na hewa ya kiyoyozi ilinuka kafuri, kama chumba cha kuoshea maiti.

Fundi wa kompyuta, ambaye wenzake walimwita Kitasa kwa kuwa hakuacha kitu bila kufuli, hakushangazwa na lile la nane. Programu aliyoitunza ilinukuu kila badiliko la taarifa za wagonjwa na kulipeleka kwenye kioo cha kompyuta ya wodini. Faili likijaa lilifungwa, jipya likaanza, na kongwe likafutwa, yabaki saba. Lakini katika kongwe moja mlikuwa na mstari wa mwisho wa mama yake: kitanda cha tatu, hai, kisha marehemu. Moyo ulikataa ufutwe. Alilitia kufuli.

Kilichomtisha ni kwamba tangu siku hiyo kila faili jipya lilifunguka na mstari uleule, kitanda tu kikisogea: cha nne, cha sita, cha tisa. Kila kilichotajwa kilitandikwa shuka mpya kabla ya jua kuzama. Na binti yake wa miaka saba alikuwa akiungua kwa homa kitanda cha kumi.

Adhuhuri, faili la sasa likikaribia kujaa, alimwita karani wa masjala, mama mtu mzima aliyesifika kwa dua zake. Wakasikiliza, na kutoka ndani ya mvumo wa feni, chini kabisa, mahali ambapo sikio hudhani linajidanganya, ikapanda sauti ya kikongwe, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, ikauliza swali ambalo mama yake alimuuliza yeye, kitinda mimba wake, kila siku ya uhai wake: “Kitinda, umekula?”

“Usiitikie,” karani alinong’ona. “Mama yako amepumzika. Hicho ni kingine, kimekuta nguo yake imeanikwa kikaivaa.”

“Nikilifuta, sibaki na chochote chake.”

“Utabaki na mwanao. Fungua, Kitasa. Leo tu usifanane na jina lako.”

Karani akasoma dua. Fundi akafungua kufuli huku machozi yakimlenga. Mafaili yakarudi saba, feni zikatulia, kafuri ikatoweka. Karani akashusha pumzi.

Fundi hakushusha. Alikuwa amekumbuka kanuni aliyoiandika kwa mkono wake: faili lisifutwe kamwe kabla mpokeaji, kule wodini, hajathibitisha kupokea yote yaliyomo. Akasogea kwenye kioo cha kompyuta yake, akasoma neno moja na namba moja.

Imepokelewa. Kumi.

Alipofika wodini, muuguzi alikuwa akitabasamu. Homa, alisema, imeshuka ghafla. Binti alikuwa ameketi wima kitandani, mikono imekunjwa mapajani kama ya mtu mzima, na nywele zake zilinuka kafuri.

Alimtazama baba yake kwa huruma ya muda mrefu.

“Kitinda,” akasema, “umekula?”