HITA ISIYO NA MWENYEWE

"Futa jina lake!"

Jamani... nilidhani nimesikia vibaya. Kijana wa manispaa alisimama katikati ya chumba changu, kidole amekielekeza kwenye hita ya gesi iliyokuwa pembeni ya kitanda cha mume wangu mgonjwa.

"Mama, una hita. Huu msaada wa baridi ni wa maskini. Eish, na zulia hili, na vikombe hivi... Dada, futa!" akamwambia mwenzake mwenye daftari.

"Si yangu!" nikapiga kelele. "Nimeazimwa asubuhi hii hii! Ya jirani yangu, huyo hapo mlangoni. Muulize!"

Sote tukageuka. Murielle, Mkongomani, shoga yangu wa miaka minne, tunayepakana naye ukuta, alikuwa kizingitini na kitenge chake begani.

Akanitazama machoni... halafu akamtazama yule kijana.

"Mimi? Mi siko na hita. Hata siku moja. Ile haiko yangu."

Dada mwenye daftari akapitisha kalamu juu ya jina langu, na kazi ikaishia hapo.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe.

Naitwa Biubwa, mtoto wa Kikwajuni, Unguja. Mwaka 2017 nilikuwa naishi La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, vyumba vya uani, napika chapati na kaimati nauza Rosettenville. Mume wangu Twalib alikuwa mlinzi. Julai ile maji kwenye ndoo yalikuwa yanaganda, na Twalib akapata nimonia mara ya pili.

Daktari wa kliniki hakunificha kitu.

"Jiko la mafuta ya taa basi, mama. Moshi ule utammaliza. Apate joto safi, la sivyo usinilaumu."

Joto safi nilitoe wapi? Umeme wetu ni waya mmoja wa taa. Ukichomeka hita ya umeme, uani kote giza. Bomba la gesi nalo linaishia huko kwenye mitaa ya wenzetu, kwetu halijafika.

Ndipo ikaja karatasi ya manispaa. Nyumba zisizofikiwa na bomba zitapewa mtungi wa gesi kila mwezi mpaka baridi iishe. Nikajiandikisha, kibali changu cha ukaazi mkononi, hita ningeitafuta mbele kwa mbele. Maafisa wangepita Jumanne kukagua.

Sasa mimi nimelelewa Unguja. Mtu akisema anakuja kwangu, huyo ni mgeni, hata kama anakuja kunipima ufukara. Nikaazima zulia kwa Mwatumu wa Rosettenville. Nikatoa sandukuni vikombe vyangu vya maua vya harusi. Nikachoma udi, nikapika kaimati.

Twalib akachungulia kutoka chini ya mablanketi matatu.

"Mke wangu, watu wanakuja kukagua umaskini, wewe unawafukizia udi?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe si unataka kupona?"

Alicheka mpaka akakohoa.

Ndipo Murielle akaingia, amekumbatia hita yake, na mtungi wenye gesi kidogo.

"Dada, kamata hii. Bageni batakuya kwako, basisikie baridi."

Nilimkumbatia, wadau! Nikamwombea dua! Kumbe jina lake nalo lilikuwa kwenye orodha. Walipotoka kwangu waliingia kwake, wakakuta chumba kitupu, baridi tupu. Akapita.

Hita yake aliificha... kwangu!

Jioni akagonga.

"Dada, nimekuya kukamata kintu yangu."

"Kitu gani?"

"Ile hita."

"Ya nani?"

Akainyooshea kidole.

"Shoga, mbele ya serikali umesema haijawahi kuwa yako. Mimi ni nani nibishane na serikali?"

"Biubwa! Uko mwanamke ya dini!"

"Na wewe uko mwanamke wa kwaya. Waite wale maafisa, waambie ukweli, hita nitakubebea mwenyewe mpaka kitandani kwako."

Akaondoka anasonya. Twalib akaniangalia kwa jicho moja.

"Mke wangu, wewe mbaya."

"Kunywa dawa."

Lakini siku ya tatu gesi ikaisha. Hita ikabaki chuma. Usiku nikimsikia Twalib anavuta pumzi, nahesabu, naogopa kulala. Hasira haipashi chumba joto, hilo nililijua.

Thierry, fundi cherehani wa chumba cha mbele, akanijia na ushauri.

"Yaya," ndivyo Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, "kata rufaa. Lakini zulia toa. Vikombe ficha. Pakaa masizi ku ukuta, vaa nguo ya kupasuka, ulie kidogo. Batakuhurumia."

Uani wote ukakubaliana naye. Mmoja akasema maskini jeuri hasaidiwi.

"Basi niandikeni maskini jeuri!" nikawajibu. "Chumba changu nakipiga deki kila siku, leo nikichafue ili niaminiwe? Siwezi!"

Jumatatu asubuhi nikavaa baibui langu jipya, nikapaka wanja, nikaenda ofisini kwao. Nikadai kuonana na mkubwa wao. Akatoka mama mmoja wa makamo, miwani puani, koti zito.

Kizungu changu cha kuungaunga, lakini siku ile kilitiririka.

"Mama, nimefutwa kwa sababu nyumba yangu ni safi. Nionyeshe kwenye karatasi yenu palipoandikwa maskini awe mchafu."

"Unataka nini, mama?"

"Njoo kwangu ukae kikombe kimoja cha chai. Kimoja tu. Ukiweza kuvua koti, nifute tena, na sitarudi hapa."

Akavua miwani, akaniangalia. Kisha akacheka.

Kesho yake akaja, na yule kijana nyuma yake. Zulia lile lile. Vikombe vile vile. Kaimati za moto. Mama akaketi, akanywa, akasifu iliki.

Koti hakuvua.

Akiongea, mvuke unamtoka mdomoni. Twalib akakohoa kile kikohozi cha kutoka chini kabisa, na mama akaweka kikombe, akaanza kusugua mikono yake.

"Na hita hii ya nani?"

Nikisema ya Murielle, jina lake litafutwa. Nikisema yangu, nimejifunga mwenyewe. Nilikuwa na hasira naye, ndiyo, lakini uongo sikuanza mimi.

"Ya jirani. Murielle. Niliazimwa."

Murielle akaitwa. Uani wote ukajaa mlangoni kwangu.

"Mama, hita hii ni yako?"

"Haiko yangu! Naapa kwa jina ya Bwana!"

"Fikiri vizuri."

"Minafikiri! Mi siko na hita! Kwangu ni baridi tupu, bakubwa, muliona wenyewe!"

Mama akaandika. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Karatasi ya msaada uliisoma?"

"Ndiyo, mama."

"Inasema tunatoa nini?"

"Gesi, mama."

"Kwa nyumba zipi?"

"Zisizofikiwa na bomba."

"Na hita tunatoa?"

Kijana akaangalia viatu vyake.

"Hatutoi. Mtu mwenye hita anawasha gesi yetu, anapata joto. Asiye na hita wala jiko la gesi nikimpa mtungi ataufungulia wapi? Alipue ua mzima? Wewe umemfuta mwenye hita, ukamwandika asiye nayo!"

Mama akafunua orodha.

Kalamu ikapita. Biubwa, ndani. Murielle, nje.

"Iko yangu!" Murielle akalia. "Mama, iko yangu kweli! Nilinunua mwenyewe! Geuza, iko na mukwaruzo pa mugongo!"

"Umekana mara mbili mbele yangu, na Mungu umemshuhudisha. Sasa niamini lipi?"

Watu wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, wanajifanya wana kazi.

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikaona haya, halafu nikaendelea kufurahi.

Mtungi ulifika Ijumaa. Jioni ile Twalib alivua soksi kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame, akanyoosha miguu, akasema anataka samaki. Mwezi wa tisa alikuwa lindoni kwake.

Wenzangu mnaosoma, wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Murielle ilikuwa fupi kama ukuta unaotutenganisha. Angeniambia tu, "Dada, nami nimejiandikisha," tungeiwasha hita pamoja, tukaota wote wawili. Na wewe maskini mwenzangu, usikubali kuchafuka ili uhurumiwe! Haki yako idai umeoga, umevaa, na chai yako mezani.

Mtaniuliza, hita nilimrudishia?

Nilimpa sharti moja. Asimame uani mchana kweupe, mbele ya watu wale wale, aseme, "Hita ni yangu, nilidanganya." Sentensi moja tu, aje aibebe. Baridi ikaisha hajaisema, na mpaka leo hajaisema.

Lakini baridi ni baridi. Wiki haikupita, akagonga mlango wangu jioni. Sikumfukuza, mgeni ni mgeni. Akavua viatu, akaketi karibu na hita, akanyoosha mikono. Kesho yake akaja tena. Ikawa kila jioni, mpaka Agosti ikaisha.

Na kila akiinuka kwenda kulala ananiambia kwa adabu, macho chini:

"Aksanti ya moto yako, dada."