Faili la Nyundo Namba Nne

Waliokuwepo katika chumba cha seva asubuhi ile ya Ayudha Puja, sikukuu ya Kihindu ya kuheshimu zana za kazi, mwezi wa Oktoba mwaka 1999, walikuwa watu wanne. Wa kwanza alikuwa Bwana N. Padmanabha Rao, meneja wa kiwanda cha kufua vyuma huko Peenya, nje kidogo ya Bangalore; herufi ile ya mwanzo ilikuwa ya Nanjangud, mji wa baba yake, naye hakupenda iachwe. Wa pili alikuwa Gurulingappa Hosamani, fundi wa seva, mtu wa miaka thelathini na minne. Wa tatu alikuwa mdogo wake, Chandrappa Hosamani, mwendeshaji wa nyundo namba nne. Wa nne alikuwa Sharadamma Talwar, mjane wa Fakirappa Talwar, ambaye ndiye aliyeendesha nyundo hiyo kabla ya Chandrappa. Mumewe alipokufa, kiwanda kilimpa mjane kazi ya usafi, kama ilivyo desturi.

Siku hiyo hakuna chombo kinachotumiwa. Mashine huoshwa, hupakwa manjano na unga mwekundu, huvishwa maua, kisha huachwa zipumzike. Umeme wa nyundo zote nne ulikatwa tangu jana yake jioni. Bwana Rao mwenyewe ndiye aliyeifunga swichi kuu ya nyundo kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Sharadamma aliipaka seva alama tatu nyekundu kwa kidole.

"Dada Sharada, na kibodi usiisahau," Chandrappa alisema. "Kaka anaipiga mwaka mzima. Leo aiombe radhi."

"Wewe nenda ukaiombe radhi nyundo yako," Gurulingappa alimjibu.

"Yangu haina neno. Hii yako ndiyo imevimba. Tazama taa ile."

Akabeba kikapu cha maua na ndimu, akaenda kuipamba nyundo, huku akipiga mluzi. Gurulingappa akatazama. Taa ya diski ya tatu ilikuwa inawaka bila kupepesa, kama inavyowaka diski inapoandika kwa nguvu zake zote. Lakini diski ya tatu iliandika jambo moja tu, mapigo ya nyundo. Na nyundo zote zilikuwa zimezimwa.

"Usiiguse," Bwana Rao alisema. "Leo si siku ya kazi."

"Natazama tu, bwana."

Alikuwa na sababu ya kutazama. Katika kiwanda kile kila pigo lilipaswa kuandikwa kwenye diski kabla nyundo haijaruhusiwa kushuka tena. Diski ikichelewa, nyundo ilining'inia juu ikisubiri. Ikishapata ruhusa, ilishuka, tani tatu kwa mkupuo, bila kujali kilichokuwa chini yake. Aliyezipanga diski hizo ni Gurulingappa. Kwa uvivu alielekeza nakala za kiwanda kizima ziandikwe kwenye diski ile ile ya nyundo, tena saa tano u nusu asubuhi, akidhani wafanyakazi wote watakuwa wanakunywa kahawa. Mwezi wa Februari diski ikaelemewa. Nyundo namba nne ikaning'inia sekunde kumi na moja. Fakirappa Talwar akadhani imekwama, akaingiza mikono na kichwa ili achomoe kipande cha chuma. Walimtoa kwa sepetu.

Bwana Rao aliandika kuwa marehemu alikuwa amelewa. Kisha akaja kusimama nyuma ya kiti cha Gurulingappa, akamwambia neno moja: "Futa." Gurulingappa akalifuta faili la mapigo. Tangu siku hiyo hakuweza kumtazama Sharadamma usoni. Na kiti cha Fakirappa kilipotafutiwa mtu, kikampata Chandrappa.

Basi, sikukuu au si sikukuu, alikaa akavuta kibodi. Aliiuliza seva diski ya tatu imejaa kiasi gani. Ikajibu: sehemu tisini na tisa katika mia. Akaiuliza mafaili yote yaliyomo, ukiyajumlisha, yanachukua kiasi gani. Ikajibu: robo. Akarudia, majibu yakawa yale yale. Robo tatu za diski zilikuwa zimekaliwa na kitu kisichokuwa na jina.

Aliutambua ugonjwa huo mara moja. Katika Yuniksi, mfumo unaoendesha seva kama hiyo, faili likifutwa wakati programu bado imelishika, halifi. Kinachofutwa ni jina. Programu huendelea kuliandika gizani, hadi siku programu yenyewe itakaposimamishwa au seva itakapozimwa. Na seva hii haikuwahi kuzimwa. Mafundi wa Yuniksi huringia siku ambazo seva zao zimekaa macho. Gurulingappa alikuwa akiziandika kwa chaki nyuma ya mlango, na asubuhi ile aliandika 263. Kwa fahari hiyo, lile faili la Februari lilikuwa hai siku zote hizo.

Aliliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia programu iliyolishika. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Kila mstari ulikuwa na saa, namba ya nyundo, namba ya mwendeshaji, na uzito wa kipande kilichopigwa.

Nyundo 4. Mwendeshaji 217. Kilo 18.

Nyundo 4. Mwendeshaji 217. Kilo 18.

Tarehe ilikuwa ya leo. Kila sekunde nne, pigo moja. 217 ilikuwa namba ya Fakirappa Talwar.

Akashuka hadi mwisho wa faili. Mstari wa mwisho uliandikwa saa tano na dakika arobaini. Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na nne.

Nyundo 4. Mwendeshaji 304. Kilo 61.

Kiwanda kile hakikuwa na kipande cha chuma cha kilo sitini na moja. 304 ilikuwa namba ya Chandrappa.

"Bwana," alinong'ona. "Njoo uone."

Bwana Rao aliinama juu ya bega lake. Alisoma kwa muda mrefu, mdomo wazi. Lakini hakuutazama mstari wa mwisho. Alikuwa ametafuta tarehe ya Februari, akaziona sekunde kumi na moja, moja baada ya moja.

"Si ulilifuta hili?"

"Nililifuta. Ulisimama hapo hapo uliposimama sasa."

"Lifute tena."

"Halina jina la kulifutia. Labda niiue programu."

Akaiua. Programu haikufa. Akaiua tena kwa amri ambayo hakuna programu inayoikataa. Mistari ikaendelea kupanda. Taa ya diski ikawaka vile vile.

"Basi vuta waya," Bwana Rao alisema.

"Faili gani hilo?" Sauti ya Sharadamma ilitoka mlangoni, ya chini kabisa.

Gurulingappa aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Februari alimtazama usoni.

"Dada, Fakirappa hakuwa amelewa. Nyundo ilichelewa kwa sababu diski niliipanga vibaya mimi. Imeandikwa humu. Nikaambiwa nifute, nikafuta."

"Mwongo huyu!" Bwana Rao alifoka. "Sharadamma, nani aliyekupa kazi? Mimi au huyu mpumbavu?"

Sharadamma hakulia. Alipita katikati yao, akajiegemeza ukutani, mgongo wake ukiifunika soketi ya umeme.

"Mdogo wako yuko wapi?" alimuuliza Gurulingappa.

"Kwenye nyundo."

"Sasa unangoja nini?"

Gurulingappa aliamuru faili linakiliwe kwenye diski ya kwanza, kisha akatoka mbio. Nyuma yake alisikia kofi. Halafu la pili.

Uwanja ulikuwa na hatua mia mbili. Alikanyaga mapambo ya unga yaliyochorwa mlangoni, akaanguka, akainuka. Ndani ya karakana kulikuwa kimya. Nyundo zote zilisimama, zimevishwa maua ya manjano hadi shingoni. Chandrappa alikuwa ameingiza kichwa na mabega kwenye kinywa cha nyundo namba nne, akifunga kamba ya maua.

"Chandra! Toka!"

"Kaka, ngoja nikaze fundo, wewe nawe! Unanihimiza kama mama mkwe."

Gurulingappa alimkumbatia kiunoni. Akavuta kwa nguvu zote.

Nyundo ikashuka.

Haikuwa na umeme. Ilishuka. Kichwa kilikuwa kimetoka, mabega yalikuwa yametoka, mkono wa kushoto haukuwa umetoka. Ulibaki kule ndani hadi kwenye kiwiko. Chandrappa hakupiga kelele. Alikitazama kiwiko chake kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake. Damu ilimrukia Gurulingappa machoni, ya moto, ikaingia mdomoni.

Nyundo ikapanda yenyewe. Ikahesabu sekunde nne. Ikashuka juu ya kilichobaki. Ikapanda. Ikashuka. Vidole vilivyokuwa vimeshika kamba ya maua havikuonekana tena, wala maua. Gurulingappa alivua shuka lake begani, akaufunga mkono kwa meno na mikono miwili, huku akihesabu bila kutaka. Kwenye pigo la saba nyundo ilipanda, ikabaki juu.

Papo hapo, kule kwenye chumba cha seva, mtu akalia. Mara moja tu.

Wafanyakazi waliokuwa wakipamba nyundo nyingine walikuwa wamekimbilia ukutani. Wawili wakaja, wakambeba Chandrappa hadi kwenye gari. Alikuwa anapumua. Mzee mmoja akaonyesha swichi kuu kwa kidole. Kufuli lilikuwa mahali pake.

Gurulingappa alirudi kwenye chumba cha seva akitembea.

Bwana Rao alilala chali, plagi ya seva mkononi. Skrini ilikuwa nyeusi. Katika chumba kile hakukuwa na kitu kizito kuliko kiti. Lakini kifua cha meneja kilikuwa kimebonyea ndani, kwa umbo la mraba, pembe nne zilizonyooka, kingo za shati zikiwa zimeungua. Mbavu zilitokeza kwapani. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yanasogea. Kila alipojaribu kuvuta pumzi, kitu ndani yake kililia kama changarawe.

Sharadamma alikaa pembeni, mdomo umepasuka kwa makofi.

"Alinisukuma, akavuta waya," alinong'ona. "Kilichompiga sikukiona. Nilisikia tu kikipandishwa. Akaniuliza kama namwona mtu aliyesimama nyuma yake."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia namwona."

Polisi waliichomoa diski ya tatu, wakaifunga kwa kitambaa na lakiri, wakaiweka kwenye kabati la chuma kituoni. Alhamisi asubuhi Gurulingappa alitoka hospitali, alikomwacha Chandrappa amekatwa mkono chini ya bega lakini anaulizia chakula, akaenda kuandika maelezo yake. Aliandika yote, kuanzia jinsi alivyopanga diski hadi jinsi alivyofuta, akatia sahihi kwa jina lake kamili. Sharadamma aliyasoma mara mbili. Akataka jina la mumewe liandikwe pamoja na la baba yake, Fakirappa Yamanappa Talwar, na likaandikwa.

Kisha Inspekta B. K. Mallesh akafungua kabati.

"Fundi," alisema, akishusha sauti ili karani asisikie, "hivi vitu vina betri?"

"Havina, bwana."

"Hebu shika."

Gurulingappa aliipokea diski kwa mikono miwili. Lakiri ilikuwa nzima, lakini upande mmoja imeyeyuka na kutiririka juu ya kitambaa. Chuma kilikuwa cha moto. Alingoja. Baada ya sekunde nne, kitu ndani kilisogea.

Bwana Nanjangud Padmanabha Rao alifariki hospitalini Alhamisi hiyo hiyo, saa nane mchana.