Pasi Nzito, Hita Nyepesi

Mama mshonaji alikuwa akipiga pasi sare za wauguzi wa zahanati, binti yake akizikunja. Ghafla umeme ukakatika nyumba nzima. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile, na sare thelathini zilitakiwa kesho yake.

Baba mwenye nyumba akaja na hasira zake. Zamani aliuza nyama, na mpaka leo hupima kila kitu kwa mkono. Wapangaji humwita Bwana Mizani, ila kwa kunong'ona. Aliinua pasi ya mshonaji, akaipima.

"Nzito hii. Ndiyo inayokula umeme wote. Naichukua. Ukileta nyingine, utafute nyumba."

Akapita nayo uani, wapangaji wote wakitazama. Jambo hili linanikera hadi leo. Mama mtu mzima anaaibishwa mbele ya binti yake kwa kosa ambalo hakuna aliyelichunguza.

"Mama, mbona umemwachia?" binti akauliza.

"Niseme nini, mwanangu? Nyumba ni yake."

Jirani yao, mwanamke fundi umeme, alikuwa amesikia yote. "Dada, umeme haupimwi kwa mkono. Chukueni chaki ya kushonea, twende."

Bwana Mizani alikuwa amesharudisha umeme kwa kuwasha tena swichi kuu. Hita yake ndogo ilikuwa ndani ya ndoo, ikichemsha maji ya kuoga.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba dakika tano na pasi yetu," fundi alisema.

"Marahaba. Dakika tano tu."

Fundi akatoa kifaa chake cha kupimia umeme. Umeme wa nyumba ulikuwa volti 240. Akapima vifaa kimoja kimoja. Pasi ilivuta ampea 4. Hita ilivuta ampea 10.

"Volti ni msukumo wa umeme," alieleza. "Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu, yaani wati."

Binti akaandika sakafuni kwa chaki. "Pasi, 240 mara 4, wati 960. Hita, 240 mara 10, wati 2,400."

"Sasa gawanya volti kwa ampea. Utapata ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia umeme. Kipimo chake ni omu."

"Pasi omu 60. Hita omu 24."

"Hita inazuia kidogo, kwa hiyo inapitisha umeme mwingi."

Mzee akatazama hita. "Lakini hii ni nyepesi."

"Umeme hauuzwi kwa kilo, mzee. Swichi kuu yako mwisho wake ni ampea 10. Hita peke yake inaijaza. Pasi ikiongezwa, zinakuwa 14. Swichi inakata ili nyaya zisiungue."

Mshonaji akasimama. "Kumbe mlaji ni wewe, mzee, na aibu nikapewa mimi. Uliichukua pasi yangu mbele za watu. Irudishe mbele za watu."

Mzee akairudisha uani, wapangaji wote wakisikia. "Ilikuwa hita yangu. Nisamehe, mama."

Siku ile hita ilizimwa, na sare zikamalizika. Wiki hiyohiyo fundi aliiwekea hita waya wake mnene kutoka kwenye mita na swichi yake, isipitie tena swichi kuu. Umeme haukukatika tena.

Juzi mpangaji mpya alileta birika la umeme. Bwana Mizani akalinyooshea mkono alipime, kisha akaurudisha. "Mwiteni binti wa mshonaji," alisema. "Aje na chaki."