Nani Kawavalisha Viatu?

Walikutana wakigombea kitabu kimoja, kwenye vibanda vya vitabu chakavu pale Ezbekiya, Cairo nzima imebanana humo. Ndani ya kitabu kulikuwa na picha za wachimbaji wa Mfereji wa Suez. Ragia akavuta, Wagdi akavuta, jalada likabaki mkononi mwa Wagdi.

"Haya injinia, umefurahi?" Ragia akauliza, kama Cairo wanavyomwita kila mwanamume.

"Mi' si injinia, dada. Napanga kurasa za vitabu vya watoto."

"Na mimi navichorea!"

Ikafuata chai ya nanaa, zikafuata simu zisizoisha. Mwaka mzima Ragia akachora historia ya mfereji kwa wachapishaji waliomwajiri Wagdi, Wagdi akapanga kurasa. Wachimbaji wote Ragia aliwachora peku, maana babu wa babu yake alikokotwa kijijini akachimba hivyohivyo, hakurudi.

Kitabu kikatoka. Ragia, koti lake la kijani limejaa wino, akakifungua dukani. He! Viatu! Vyeusi, vinang'aa, utadhani watu wanakwenda harusini. Akapiga simu palepale.

"Wagdi, nani kawavalisha viatu?"

"Mboni yangu, nisikilize. Kamati ya wachapishaji imesema watoto wasiwaone babu zao peku, eti aibu."

"Aibu ya nani? Ya aliyechimba au ya aliyemchimbisha? Nakuuliza, nani kavichora?"

"Mimi. Wangekitupa kitabu chako chote, Ragia."

"Si wangekitupa tu! Usinipigie tena."

Wagdi alipiga simu mara arobaini. Hazikupokewa.

Siku ya maonyesho ya vitabu Ragia alikwenda kuwaambia wale wachapishaji usoni: jina langu litoeni. Nje ya banda lao akakuta watoto wamejaa. Katikati, shati jeupe limepigwa pasi, Wagdi kakaa chini, peku, na furushi la stika. Kila stika, mguu mtupu. Mtoto akinunuliwa kitabu, anapita kwake, wanabandika miguu juu ya viatu.

"Wamenifukuza kazi asubuhi," Wagdi akasema.

"Safi sana." Akanyakua kitabu kimoja. "Huyu umempa miguu miwili ya kushoto!"

"Mi' si mchoraji."

"Naona!"

"Nisamehe. Nataka kukuoa, Ragia."

"Hasira zangu hazijaisha."

"Najua."

Ragia akakaa chini na koti lake, akamnyang'anya nusu ya stika.

"Bandika. Mpaka kitabu cha mwisho. Halafu mlete mama yako nyumbani aongee na baba. Siku hiyo ndiyo uvae viatu."